Tarakimu Tano za Mzee Faiz

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama uani kwa Bi Tufaha, Al Twar, jua la saa nne likinipiga utosini, nikibonyeza mlango wa gari langu mwenyewe na mlango ukinikatalia.

Mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Mara ya tatu nikajua sikukosea. Mara ya saba nilikuwa nimeshaanza kutukana, mimi ninayeimba kwaya.

Kwa aliyelikosa gazeti, nitasema upesi ili tuende sawa. Naitwa Pauline, mzaliwa wa Kitale, na huu ni mwaka wangu wa sita Dubai. Mitatu ya kwanza nilimuuguza Mzee Faiz, mume wa Bi Tufaha, watu wa Unguja waliohamia huku zamani wakazeekea huku. Mzee alipofariki, Bi Tufaha alinibadilishia viza nikawa dereva wake, kisha akanipa gari la marehemu, Mercury Grand Marquis jeupe. Alikwenda nami mwenyewe, fimbo mkononi, hadi kadi ya gari, ile wanayoiita mulkiya, ikatoka na jina langu.

Sharti lilikuwa moja tu. Kila Ijumaa baada ya alasiri nimtoe, twende kwenye kile kibanda cha chai ambapo ukipiga honi unaletewa karak hadi dirishani. Hapo alikuwa akinywa chai na mumewe. Basi atainywa hapo hapo, katika gari lile lile, mpaka Mungu amchukue.

Nami nikampa gari hilo Nick, mchumba wangu, fundi wa gereji moja Al Quoz, alifanyie sevisi kabla ya ukaguzi wa mwaka. Siku mbili, alisema. Akakaa nalo tisa, Ijumaa nzima ikatupita. Jumatano akalirudisha, akanitia ufunguo mkononi, akapanda teksi mbio bila hata kuomba maji.

Sasa niwaeleze tarakimu, maana ndizo zilizonifumbua macho.

Kwenye mlango wa dereva wa gari lile kuna vitufe vitano vya nambari. Kila gari linatoka kiwandani na tarakimu zake tano, za peke yake, na ukizibonyeza mlango unafunguka bila ufunguo. Zetu nilifundishwa na Mzee Faiz akiwa kitandani. Sitazitaja hapa, mniwie radhi. Bi Tufaha hakuwahi kugusa ufunguo wa gari lile. Kila Ijumaa alitoka na fimbo yake, akabonyeza tarakimu tano mwenyewe, polepole, na mlango ulipofunguka alisema, "Waalaikumsalamu."

Mzee alinisomesha Mercury kama ustadhi anavyosomesha chuoni. Mwaka 1938, aliniambia, mtoto wa tajiri mwenye kiwanda kikubwa cha magari Marekani aliona kwamba baba yake anatengeneza gari la mtu wa kawaida na gari la bwana mkubwa, lakini mtu wa katikati hana lake. Ndipo akaianzisha Mercury. Jina walilitoa kwa mungu mjumbe wa Warumi wa kale, mwenye mabawa viatuni, anayewalinda wafanyabiashara na wasafiri.

"Na wezi," Mzee akaongeza, akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikacheka naye. Leo sicheki.

Mwaka 2010 wakatangaza kwamba Mercury inafungwa, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata gari la mwisho likatoka. Mzee aliposikia tangazo alikimbilia dukani kabla hayajaisha. Tangu hapo ukiwa na Mercury umekuwa na yatima. Vipuri tulivisaka Sharjah, na tuliponea kwa sababu lina ndugu yake wa Ford anayefanana naye tumboni. Petroli linakunywa bila haya. Lakini ukikaa katika kiti kile kipana unajisikia umekaa sebuleni, na mgonjwa wangu alikuwa halii maumivu akiwa ndani yake.

Na alikuwa mtu wa haki, Mzee yule. Alikuwa na wake wawili, Bi Tufaha hapa Al Twar na mwingine Ajman, na hakuna siku aliyopendelea. Friji ikija huku, nyingine inakwenda kule. Mbuzi wa Idi ni wawili, tena wa uzito mmoja. Bi Tufaha hakuwahi kulitaja jina la mke mwenziwe mbele yangu. Alisema "kule" tu, na ukimsikia unajua kule ni wapi. Nick angekaa miguuni pa mtu yule japo wiki moja, huenda angejifunza haya kidogo.

Basi nikalifungua gari kwa ufunguo. Harufu ya udi ikanipiga usoni, udi wa ghali, wa mwanamke. Kiti cha dereva kimesogezwa mbele hadi magoti yangu yakagonga chini ya usukani. Nikaangalia mahali pa kuegemeza mkono, pale ambapo pete ya Mzee ilichimba alama kwa miaka na miaka. Palikuwa laini, hapana hata mkwaruzo.

Ile haikuwa Mercury yetu. Rangi ile ile, umbo lile lile, nambari za mbele na nyuma ni zangu, lakini gari si langu.

Wivu ulinishika kabla ya akili. Nikasema, kumbe ni mwanamke. Siku tisa zote alikuwa na mwanamke mfupi anayejifukiza udi, na wamenibadilishia gari kama mtu anayebadilisha mtungi wa gesi.

Alhamisi asubuhi nilimwambia Bi Tufaha naenda kununua dawa zake, nikaendesha hadi Al Quoz. Nick alikuwa chini ya pikapu, miguu nje. Nikaupiga teke wayo wa kiatu chake. Akatoka akitabasamu, na tabasamu lile lilinikera kuliko wizi wenyewe.

Nilimuuliza gari liko wapi. Akasema si hilo hapo. Nikamuuliza mbona tarakimu zimekataa. Akasema alichomoa betri, na betri ikichomolewa tarakimu zinajifuta.

"Pau, wacha drama," akasema. "Ni gari. Tumia ufunguo kama watu wengine."

Erisa, fundi Mganda wa meza ya pili, akacheka puani. Sijui alikuwa na chuki gani na Nick, ila nitamwombea maisha yangu yote. Akafuta mikono, akaja.

"Nyabo, ya kiwandani haifutiki," akaniambia, akiniita mama kwa Kiganda. "Ungechomoa betri mwaka mzima, nambari ile inabaki. Lete mulkiya yako."

Akainama kwenye kioo cha mbele, pembeni upande wa dereva, palipo na kibati kidogo chenye nambari ya chesisi. Akasoma kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole kwenye kadi. Herufi zikafanana, nambari zikafanana, nikaanza kuona aibu. Tulipofika mbili za mwisho zikaachana.

Erisa akarudia kusoma. Zikaachana tena.

"Hizi gari ni kama zimezaliwa siku moja," akasema. "Lakini hii si ya kwako. Na sikiliza, nyabo. Ukienda nayo kwenye ukaguzi wataisoma hiyo nambari, na wa kwanza kuulizwa ni wewe mwenye kadi."

Nikamgeukia Nick. Sikupiga kelele. Nilimuuliza mara moja tu, gari la Bi Tufaha amempa nani.

Akachukua kitambaa, akajifuta vidole kimoja kimoja. Kisha akasema amelikopesha, litarudi, liko kwa mtu anayelipenda kuliko mimi.

"Wewe hata hukulitaka," akasema. "Ungelitaka ungesema ni lako."

Hapo ndipo aliponipata, ndugu zangu, na hapa ndipo ninapotakiwa kuungama. Nimekuwa nikiizungukia habari hii kwa wiki tatu. Leo naisema.

Tunasali Jumapili mchana, sisi Wakenya kama hamsini, katika ukumbi tunaoukodi Karama. Gari lilipokuja mkononi mwangu nilianza kumbeba Nick kwenda ibadani. Mimi usukanini, yeye kando. Wanaume wakaanza. Wakamwita abiria. Wakamuuliza kama anafungwa mkanda na mama. Nick akanuna, akawa haongei, wiki mbili hakula chakula changu. Nami nikamhurumia. Kwetu mwanamume akichekwa, mwanamke ndiye anayetafuta blanketi la kumfunika.

Basi Jumapili moja, wakati wa shuhuda, nilisimama. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Nikasema namshukuru Mungu, amemkumbuka mchumba wangu Nick, amempa gari. Nikamwita mbele nikampa ufunguo kwa mikono miwili. Watu wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa, Zedekiya, akatuongoza wote hadi maegeshoni akalipaka boneti mafuta ya zeituni, akaliombea gari la ndugu Nick lisipate ajali wala jicho la husuda.

Mafuta yale niliyafuta mwenyewe jioni yake, kabla Bi Tufaha hajayaona. Nilidanganya mbele za Mungu na watu hamsini ili mwanamume mzima asichekwe. Tena nilijiona nina hekima.

Kumbe nilikuwa namwandikia hati.

Pale gereji Nick alitoa simu akampigia Zedekiya, akaweka sauti ya juu. Akamweleza, kwa unyenyekevu wa kuigiza, kwamba dada Pauline amekuja kazini kwake kumwita mwizi kwa ajili ya gari ambalo kanisa zima linajua ni la nani.

Zedekiya akaniuliza, "Dada Pauline, mbele ya kanisa ulisema gari ni la nani?"

Nikamwambia nilisema la Nick, lakini nilidanganya. Kadi hii hapa, jina ni langu.

"Ulidanganya siku ile mbele za Mungu," akasema, "au unadanganya leo mbele za mchumba wako?"

Nikamjibu neno ambalo mhariri hataliruhusu. Zedekiya akakata simu. Nick akaniambia niende nyumbani nikatulie, wanawake wakifika umri wangu bila ndoa wanakuwa hivyo.

Nina miaka thelathini na minne. Nilichukua spana iliyokuwa mezani. Erisa akanishika mkono, akaitoa polepole ile spana vidoleni mwangu, akaniambia mtu huyu hastahili nimwendee jela. Nilipogeuka tena Nick alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Nikapiga simu yake, imezimwa. Nikapiga saa sita, saa nane, saa kumi. Imezimwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, tukidhani ni kiroboto. Wangu alikuwa na ndevu na nilikuwa namfulia nguo zenyewe.

Nikarudi Al Twar na gari la watu. Siku ile nzima Bi Tufaha aliniuliza mara mbili kama naumwa. Nikasema kichwa. Akanitengenezea chai ya tangawizi kwa mikono yake inayotetemeka, nikainywa yote mbele yake. Sikuogopa polisi kama nilivyomwogopa yeye. Mama yule alinikabidhi kwa imani kitu pekee cha mumewe alichokuwa bado anakigusa. Hana mtoto. Nguo za marehemu alizigawa, kitanda alikigawa. Alibakiza gari, na akalibakiza mkononi mwangu.

Nikaamua. Ijumaa, kabla hajafika mlangoni pa gari, nitamwambia yote. Tarakimu, Nick, ushuhuda, mafuta ya zeituni, yote.

Ijumaa ikafika. Akaswali alasiri, akavaa buibui lake la kutokea, akajipaka manukato. Nilimsubiri uani, nimeipanga hotuba yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akatoka. Fimbo, hatua, fimbo, hatua. Na uso wake ulikuwa umefurahi hivi, ule uso wa Ijumaa, nikajiambia ngoja avuke kizingiti kwanza. Akavuka. Nikajiambia ngoja apumzike. Woga una maneno mazuri sana.

Akafika kwenye mlango wa dereva, akanyoosha kidole, akabonyeza tarakimu tano.

Kimya.

Akabonyeza tena, polepole zaidi. Kimya.

"Bibi," nikasema, "nina jambo nataka kukwambia."

Akainua kiganja kuninyamazisha. Akalitazama gari. Akasogea hadi dirishani, akanusa. Nikamwona anavuta pumzi ile ya udi, na mgongo wake ulioinama siku zote ukanyooka kidogo. Akarudi kwenye vitufe, akabonyeza tarakimu nyingine tano, tofauti kabisa, bila kusita hata kwa moja.

Kufuli likaachia. Tak.

Hakusema waalaikumsalamu.

"Miaka kumi na mitano naijua nambari hii," akasema. "Nilimwona marehemu akiibonyeza siku alipozileta zote mbili, akidhani nimeshaingia ndani. Sijapata kuitumia. Hii gari ya kule. Gari ya mke mwenzangu."

Gari mbili. Friji mbili, mbuzi wawili, Mercury mbili, siku moja, duka moja. Na Erisa alikuwa ameniambia, na mimi kwa hasira zangu sikusikia.

Akanigeukia. Sijawahi kumwona Bi Tufaha amekasirika, na sasa nilimwona, na hasira yake haikuwa na sauti.

"Sasa niambie, Paulina. Hii imefikaje kwangu? Na yangu mie umempelekea nani?"

Nilikuwa na ukweli wote mdomoni. Nilikuwa nimeulalia usiku kucha. Nikafungua kinywa, na Mungu anisamehe, nikajisikia nikisema kwamba gari letu liko salama gereji, mafundi wamechanganya tu, Nick ni mtu mwaminifu, atalileta kesho.

Tena nimemfunika. Baada ya yote yale. Blanketi lile lile, mwanamume yule yule. Ningekuwa na mkono wa tatu ningejizaba kofi.

Bi Tufaha hakuniita mwongo. Alifungua mlango wa nyuma, si wa mbele kama siku zote, akakaa kwenye gari la mke mwenziwe kama anayekaa kwenye kiti cha hospitali, akaweka fimbo magotini.

"Basi mpigie huyo mwaminifu," akasema. "Sasa hivi. Na uiweke sauti niisikie na mie."

Nikatoa simu, nikijua imezimwa, nikishukuru moyoni kwamba imezimwa. Nikabonyeza jina la Nick.

Ikaita.

Ikaita mara ya pili. Mara ya tatu ikapokelewa, na nyuma ya ile sauti nikasikia injini ninayoijua, ule mngurumo mzito nilioulea mwaka mzima. Aliyepokea hakuwa Nick. Alikuwa mwanamke, mtu mzima, wa lafudhi ya Unguja, na alisema "naam" kwa raha ya mtu aliyekaa sebuleni.

Bi Tufaha akaichukua simu mkononi mwangu. Akaitazama kidogo, kisha akalitaja jina ambalo miaka yote niliyokaa nyumba ile sikuwahi kulisikia.

"Raiye," akasema. "Mume tuligawana, nikanyamaza. Gari yangu umeichukua. Na huyo mchumba wa mwanangu nae, umemchukua?"

Na Raiye, kule alikokuwa, akacheka.